Viumbe Vinne Vidogo vya Aguri (Mezali 30, 24-28)

Wandugu waseminari, tukikuta jina la munyama katika Maandiko Matakatifu, tunauliza mara moja: ni mufano wa nani? Tumutazame kwanza munyama mwenyewe. Mutakatifu Thomas wa Akwino anafundisha kwamba maana zote za kiroho zinajengwa juu ya maana ya maneno yenyewe.

Shairi la Aguri, mwana wa Yake, linahesabu viumbe 4 visivyo na nguvu, na kila kimoja ni mwalimu wetu.

Wa kwanza ni chungu, mwenye kuweka akiba ya chakula. Anayejua siafu wetu tu atashangaa, maana siafu wanawinda, hawaweki nafaka. Lakini katika inchi ya Palestina kuna chungu wanaokusanya mbegu na kuzificha ndani ya udongo. Mushairi alisema aliyoyaona.

Wa pili ni pimbi. Vulgata inamwita sungura mudogo, lakini neno la Kiebrania linataja huyu mukaaji wa mawe. Hana pembe, ngome yake ni mwamba. Mukristu anakumbuka 1 Kor 10, 4, ambapo Mutume Paulo anasema mwamba ni Kristu. Ni vema, lakini kwanza tumwone pimbi akikimbia adui.

Wa tatu ni nzige. Katika Kutoka 10 ni azabu ya Misri. Kwa nabii Yoeli ni jeshi la kuharibu. Kwa Yoane Mubatizaji ni chakula (Mt 3, 4). Kwa Aguri ni fundisho la umoja: hawana mufalme, lakini wanakwenda pamoja kwa vikosi. Basi, muhubiri asiseme siku zote kwamba nzige ni shetani.

Wa nne anasumbua watafsiri: wengine wameandika buibui, Vulgata mujusi. Tukifuata mujusi, ni yule anayeshikwa kwa mukono, kumbe anaingia nyumba ya mufalme bila kupiga hodi.

Chakula, kimbilio, umoja, nyumba ya Mufalme: Mukristu anaweza kupanda ngazi hii mpaka mbinguni. Tusiseme Aguri mwenyewe aliifikiri hivyo. Tuseme tu kwamba ngazi inasimama chini, juu ya udongo wa chungu.

Waamini wetu wa mashambani wanajua wanyama kuliko sisi tunaokaa kati ya vitabu. Tukikosea juu ya siafu wanaowaona kila siku, watatusadiki namna gani tukiwaeleza mafumbo ya Mungu wasiyoyaona?