Dawa inajaribiwa kwa nani?

Wandugu, wakristu wanauliza mara nyingi: «Wanganga wanataka kujaribu dawa kwetu. Sisi ni panya?» Swali hili tusilicheke. Walimu wa Kasongo na Kabambare sherti wajue kulijibu.

1. Sababu gani kujaribu kwetu? Watu wote ni jamaa moja, walakini damu, chakula na magonjwa ya kila inchi si sawasawa. Katika inchi za malaria watu wengi wana upungufu fulani katika damu, wamezaliwa nao. Majaribio yaliyofanywa Afrika yalionyesha kwamba dawa moja ya malaria, Lapdap, inaharibu damu ya watu hao. Mwaka 2008 iliondolewa. Kama wangalijaribu kwa Wazungu peke yao, hatari hiyo ingalijificha.

2. Mfano wa Maniema yetu. Dawa tekovirimati ilikubaliwa Marekani mwaka 2018 juu ya ndui, kwa ushuhuda wa nyama waliougua, si wa watu. Je, inaponya mpox? Mwezi wa Oktoba 2022 wanganga wa INRB ya Kinshasa na wenzao wa Marekani walianza kuijaribu Tunda, na Kole katika Sankuru. Wagonjwa 597 walikubali, wakubwa na watoto. Kwa kura, wengine walipewa dawa, wengine kidonge kisicho na dawa ndani. Wote walitunzwa hospitalini. Mwaka 2024 jibu lilitoka: dawa haikuponyesha vidonda upesi zaidi. Lakini kati ya wagonjwa hao wote, katika 100 hawakufa hata 2. Katika Kongo nzima walikufa 3 na zaidi. Basi inaonekana matunzo mema yalisaidia kuliko kidonge. Bila watu wa Tunda na Kole, tungalinunua dawa bure.

3. Kazi yetu ni gani? Padri ao mwalimu asimusukume mutu, wala asimukataze. Amusaidie kusikia maneno yote katika luga yake, Kibangubangu ao Kizimba, kisha kuuliza: Hatari ni gani? Nikiacha katikati, nitatunzwa bado? Dawa ikifaa, itafika kijijini kwetu, na kwa bei gani? Asiyejibiwa vema, ana haki ya kukataa. Aliyejibiwa na kukubali kwa moyo huru, huyu si panya. Ni mwenye kusaidia wenzake.