Umeona Mengi, Je, Umemwona Mwenzako?



Mpendwa msomaji, mume na mke wa hapa Kilosa walitimiza miaka 20 ya ndoa, wakaamua kwenda kutembea Dar es Salaam. Siku hizi si safari ya kutisha. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme ya SGR inaunganisha Dar es Salaam na Dodoma kupitia hapa kwetu. Walilala kwa ndugu, na Jumamosi wakaamkia matembezi.

Ilikuwa siku ya mbio. Walisali kidogo Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, wakavuka na pantoni kwenda Kigamboni na kurudi, wakazunguka Makumbusho ya Taifa, wakapiga picha Daraja la Tanzanite, wakamalizia Kariakoo kununua vitenge. Kila mahali baba alitazama saa: "Mama, twende, treni itatuacha."

Jioni, wakiwa ndani ya behewa, baba alipitia picha kwenye simu huku akitabasamu. Ndipo alipoona mama amevua viatu na miguu imevimba.

"Imeanza lini?" aliuliza.

"Tangu kwenye pantoni, baba. Hukuniangalia."

Walinisimulia wenyewe na kuniruhusu niandike.

Kutembea si dhambi. Yesu mwenyewe aliwaita mitume wake wakapumzike, maana hawakuwa na nafasi hata ya kula (Mk 6:31). Lakini tunaweza kuwa safari moja, kiti kimoja, na bado kila mtu akawa peke yake.

Soma Luka 24:13-35. Wanafunzi wawili wanakwenda Emau, wanazungumza njia nzima, na Bwana yupo kando yao, lakini hawamtambui. Macho yao yanafumbuliwa wanapoketi mezani na mkate unapomegwa. Mwendo wote ule haukutosha, ilibidi waketi.

Ukitoka Morogoro kwenda Iringa, barabara kuu inakatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takriban kilometa 50. Hapo hata basi lenye haraka hutakiwa kupunguza mwendo, na dereva anayegonga mnyama hutozwa faini. Sababu ni moja: kando ya barabara kuna uhai. Tembo, twiga na pundamilia wapo pale pale. Hata hivyo, abiria aliyesinzia huimaliza hifadhi yote bila kumwona hata swala mmoja.

Ndoa nayo ina hifadhi yake, mahali pa kupunguza mwendo. Tukipita kwa kasi ya ada za shule, shamba, vikao na simu, tutamgonga mtu tuliyeapa kumtunza, na faini yake hailipiki kwa fedha. Papa Fransisko, katika wosia wake wa kitume Amoris Laetitia wa mwaka 2016, alikumbusha kwamba upendo unahitaji muda, na kusikilizana bila haraka.

Ndugu msomaji, huhitaji nauli kwa hili. Wiki hii chagua jioni moja. Zima simu, keti na mwenzi wako, muulize, "Umechoka wapi?" Kisha nyamaza, usubiri jibu lote. Kama huna mwenzi, muulize hivyo mzazi wako au jirani anayeishi peke yake. Huenda jibu lake limekusubiri kwa miaka.

Nakutakia Dominika njema.