Mwewe Asitumalizie Vifaranga

Katika vikundi tunavyotembelea, mradi wa kuku wa kupokezana huanza na furaha nyingi. Mwanachama wa kwanza anapewa kuku, analea vifaranga, kisha anapitisha mitemba 4 kwa mwenzake. Huyo naye akipata, anampa wa tatu, na hivyo hivyo mpaka kila boma liwe na kuku.

Kikundi kimoja cha akina mama upande wa Kitui kilikwama kwa mwanachama wa pili. Kuku wake aliangua vifaranga 11. Wiki ya tatu walikuwa wamebaki 2. Maneno yakaanza kutembea kijijini: ati mama huyu ameuza, ati amepikia wageni. Mwenyekiti alipotuita, kikundi kilikuwa karibu kuvunjika, na yule mama alikuwa ameacha kuja mkutanoni.

Tulienda kukaa kwake kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa sita. Kabla hatujamaliza chai tulimwona mwewe akizunguka juu, yule mwenye mkia wa panda na mdomo wa manjano. Alishuka mara moja, akanyanyua kifaranga kwa miguu, akaenda naye. Hakuna damu, hakuna hata unyoya uliobaki. Ndiyo maana watu hawakumwamini mama. Mwewe haachi ushahidi.

Basi kwanza jueni ni nani anayewaibia. Kifaranga akitoweka mchana bila alama yoyote, fikirieni mwewe. Kipanga ana tabia nyingine: hujificha ndani ya mti akingoja, kisha hupita chini chini kwa kasi, na mara nyingi mtakuta rundo la manyoya mahali alipomnyonyolea. Kunguru naye huchukua vifaranga wadogo na mayai. Lakini kuku mzima akipotea usiku, msimsingizie mwewe. Yeye hulala usiku kama sisi, na mwenyewe hafiki hata kilo moja, kwa hiyo kumbeba kuku mkubwa hawezi. Hapo tafuteni paka, kanu, au mwizi wa miguu miwili. Nguchiro yeye huja mchana, na hupitia ardhini.

Tukiangalia uwanja wa yule mama, tuliona jambo ambalo hata sisi hatukuwa tumelifikiria. Uwanja ulikuwa msafi sana, umefagiliwa mpaka kwenye ua, hakuna hata kichaka. Sisi tunaosifu uwanja safi katika mashindano ya maboma tulijiona tumehusika kidogo. Kwenye uwanja mweupe namna hiyo kifaranga anaonekana kutoka mbali, na kuku akipiga kelele ya hatari watoto hawana pa kukimbilia. Mwewe hapendi kuingia mahali penye matawi mengi kwa sababu mabawa yake ni marefu. Fagieni karibu na nyumba, lakini upande mmoja acheni migomba, nyasi za napia, au ua wa miti mifupi. Kama hakuna, jengeni kichanja cha fito kimo cha goti, mkiezeke matawi makavu. Vifaranga wanajifunza upesi sana kukimbilia hapo.

Dawa yenyewe hasa, hata hivyo, ni kuwafungia vifaranga wiki 4 za kwanza. Wengi hufunga kuku kamba mguuni wakidhani watoto watakaa karibu naye. Ni kweli watakaa karibu, lakini mwewe bado anawaona, na mama yao hawezi tena kumrukia adui. Tenga lililofunikwa ni bora kuliko kamba, ila ni dogo. Kikundi kile kilitengeneza kizimba kisicho na sakafu, urefu futi 6, upana futi 3, kimo futi 2, kwa fito na waya wa kuku wenye matundu madogo ambayo kifaranga hapitishi kichwa. Nusu ya juu wakafunika gunia na mabati ya zamani kwa ajili ya kivuli. Kuku na watoto wake wanakaa humo mchana, na jioni wanaingizwa kwenye nyumba ya kuku. Asiye na pesa ya waya anaweza kusuka fito karibu karibu.

Sasa sikieni vizuri, kwa maana hapa ndipo wengi wanaharibu. Kuku akifungwa hawezi kujitafutia. Ukimfungia na kwenda sokoni bila kumwachia chakula na maji, utakuwa umemsaidia mwewe kazi. Wapeni unga wa vifaranga kama mnaweza kununua, au mahindi yaliyosagwa pamoja na omena iliyopondwa, mchwa, na sukuma wiki iliyokatwa. Maji yawekwe kwenye sahani yenye mawe ndani ili mtoto asizame. Hamisheni kizimba kila siku mahali pakavu, kwa sababu ardhi yenye unyevu na kinyesi huleta ugonjwa wa kuhara damu, na huo unaua kuliko mwewe. Wakiwa humo ni rahisi pia kuwashika kwa chanjo ya Newcastle ya tone la jicho. Hiyo chanjo msiisahau, irudieni kila miezi 3.

Baada ya wiki 4 waacheni watoke kidogo kidogo mtu akiwa karibu, mpaka wafike wiki 8 hivi. Wengine hufunga kamba juu ya uwanja na kuning'iniza kanda za kaseti au sidi kuukuu zinazong'aa. Inasaidia siku chache, kisha mwewe anazoea, kwa hiyo hamisheni mara kwa mara. Kanga wawili watatu bomani ni walinzi wazuri wa kupiga kelele. Kuwapaka vifaranga rangi tumeona vijiji vingi, na wanapendeza, lakini sisi hatungeweka mradi wa kikundi juu ya rangi.

Kuna mwanachama aliyependekeza nyama iwekwe sumu ya shambani. Tulimkatalia kabisa. Mzoga wenye sumu haumchagui mwewe: mbwa wa jirani atakula, tumbusi watakula, na mtoto anaweza kuokota. Ndege hawa wanalindwa na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013, na mwewe mwenyewe anakula panya na mizoga inayonuka. Tena ukimuua mmoja, mwingine anakuja kuchukua nafasi yake.

Kikundi kilikubaliana kwamba kizimba ni mali ya wote, kinahama pamoja na kuku. Anayepokea kuku anapokea na kizimba, akikiharibu anakitengeneza kabla ya kupitisha. Yule mama alikuwa wa kwanza kukitumia. Kuku wake aliangua 10, wakafika 8 miezi miwili, mmoja akiwa amekanyagwa na ng'ombe na mwingine hatujui. Amepitisha mitemba yake 4, na mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyekuja kuibeba.