Je, Wajua? Dubu Hukagua Mapipa ya Taka

Je, wajua kwamba mjini West Yellowstone, jimbo la Montana, Marekani, dubu ndio wanaopima uimara wa mapipa ya taka? Pipa hutiwa chakula kinachonukia, kama siagi ya karanga, kisha huachiwa dubu wanaotunzwa katika kituo kimoja cha wanyama mjini humo. Hulirukia kwa miguu ya mbele, huling'ata, huchokonoa kifuniko kwa kucha. Likihimili purukushani hiyo kwa dakika 60, limefaulu. Kwa wanabiolojia wa wanyamapori hili si jambo dogo: dubu akishaonja mabaki ya chakula cha binadamu hurudi majumbani tena na tena, na mara nyingi huishia kuuawa. Ukipiga kambi huko, usilale na chakula hemani. Kifungie kwenye sanduku la chuma.