Mbona Korongo Wetu Ana Jina la Visiwa vya Ugenini?

Korongo taji, ndege aliyemo katika bendera ya Uganda tangu mwaka 1962, huitwa na Waganda ng'aali. Lakini wataalamu wa ndege, wawe Kampala au Paris, humwita Balearica regulorum. Neno la pili maana yake ni "wa wafalme wadogo," nalo halina fumbo kwa aliyeliona taji lake la dhahabu. La kwanza ndilo linalotatanisha: maana yake ni "wa Baleari," visiwa vya Hispania, ilhali makao ya ndege huyu ni Afrika.

Asili ya jina hili ni ya kale. Katika karne ya kwanza, Pliny, mwandishi wa Kirumi, alimtaja korongo wa Baleari mwenye kishungi. Baadaye wanazuoni wa Ulaya waliwapa jina hilo korongo wa Afrika wenye taji, na mwaka 1760 Mfaransa Brisson akalitia katika kitabu chake.

Kanga naye ni Numida meleagris. Numidia ulikuwa ufalme wa kale wa Afrika ya Kaskazini. Meleager alikuwa shujaa katika hadithi za Wayunani. Yasimuliwa kwamba alipokufa, dada zake walilia hata wakageuzwa kanga, na machozi yao yakawa madoa meupe. Ajabu ni kwamba bata mzinga, aliyetoka Amerika, naye aitwa Meleagris, kwa kuwa zamani Wazungu walimchanganya na kanga.

Tena yuko ndege wa peponi, wa pande za Guinea Mpya, ambaye Mswidi Linnaeus alimwita apoda mwaka 1758, yaani "asiye na miguu." Miguu anayo, ila ngozi zilizopelekwa Ulaya zilikuwa zimekatwa miguu, na watu wakasadiki kwamba huelea angani maisha yake yote.

Mbona makosa hayo hayasahihishwi? Kanuni za kimataifa za majina ya wanyama hazikubali jina litupwe kwa sababu tu halimfai mwenyewe. Jina hilo ni kama namba ya askari: halielezi kimo chake wala ushujaa wake, bali humtofautisha na wenziwe.

Faida yake ni kubwa. Mkataba wa kuzuia biashara haramu ya wanyama na mimea, uliotiwa sahihi Washington mwaka 1973, hutumia majina hayo. Korongo taji yumo katika orodha yake. Na tangu mwaka 2012 amehesabiwa miongoni mwa ndege walio hatarini kutoweka, kwani vinamasi anamozalia hukaushwa kwa kilimo, na makinda yake hukamatwa yakauzwa. Polisi wa mpakani asomapo Balearica regulorum katika hati atamtambua ndege wa bendera, hata mwenye mzigo akimwita vinginevyo.

Basi, wazazi, tuwafundishe watoto majina yote mawili, la nyumbani na la vitabuni.