Miradi ya Ulaya ya elimu ya watu wazima: Fungu dogo, matarajio makubwa

MTU aliyeacha shule akiwa kijana, akafanya kazi kiwandani kwa miaka 30, kisha kiwanda kikafungwa, ataanzia wapi kujifunza upya? Na kijana ambaye shule ilimshinda, asiye na cheti wala kibarua, nani atamwonyesha njia nyingine?

Maswali haya mawili ndiyo kiini cha miradi ya ushirikiano wa elimu ambayo mataifa ya Ulaya yamekuwa yakiiendesha kwa zaidi ya miongo mitatu.

Kwa msomaji wa Kenya, habari za elimu ya Ulaya aghalabu huwa ni habari za ufadhili wa masomo ya chuo kikuu. Jina la Erasmus limezoeleka kwa sababu hiyo. Mpango huo ulianza mwaka wa 1987 kwa wanafunzi 3,244 kutoka nchi 11, na tangu wakati huo watu zaidi ya milioni 15 wamenufaika nao.

Lakini upo upande wa pili ambao hauzungumzwi sana. Huo ni upande wa watu wazima, ambao madarasa yao huku kwetu tumezoea kuyaita ya ngumbaru, pamoja na vijana wanaojifunza nje ya mfumo rasmi wa shule. Ni upande huu unaoonyesha bayana yale ambayo miradi inaweza kufanya, na yale ambayo haiwezi.

Kwa nini miradi?

Huenda mtu akauliza: iwapo Umoja wa Ulaya una nguvu kiasi cha kuamua viwango vya bidhaa na kanuni za biashara, mbona usiagize tu kila nchi mwanachama ifundishe watu wake wazima?

Jibu limo katika sheria. Mkataba wa Maastricht, uliotiwa saini mwaka wa 1992 na kuanza kutumika mwaka uliofuata, uliupa Umoja huo nafasi ya kusaidia na kukamilisha juhudi za mataifa katika elimu. Hata hivyo, mkataba uo huo ulikataza kuzilazimisha nchi zifanane katika sheria zao za elimu. Mitaala, mpangilio wa shule na lugha ya kufundishia vilibaki mikononi mwa kila taifa.

Kwa hivyo Brussels haiwezi kuamuru, inaweza tu kushawishi. Na chombo cha ushawishi huo ni fedha zinazotolewa kupitia miradi, kwa sharti moja kuu: hakuna anayepewa fedha za ushirikiano akiwa peke yake.

Chini ya mpango wa sasa wa Erasmus+, ulioanza mwaka wa 2021 na utakaokamilika 2027, mradi wa kawaida wa ushirikiano unahitaji mashirika yasiyopungua matatu kutoka nchi tatu tofauti. Miradi midogo inahitaji mashirika mawili kutoka nchi mbili.

Mradi mdogo hupewa yuro 30,000 au 60,000 na huchukua kati ya miezi sita na miaka miwili. Mradi mkubwa hupewa yuro 120,000, 250,000 au 400,000 na hauwezi kuzidi miaka mitatu.

Nchi 33 zinashiriki kikamilifu. Mbali na wanachama 27 wa Umoja wa Ulaya, zipo Norway, Iceland, Liechtenstein, Serbia, Macedonia Kaskazini na Uturuki. Kila nchi ina wakala wa kitaifa anayepokea maombi mengi ya fedha hizo na kuyachuja.

Fedha hizo hufanya nini? Kwa watu wazima, hutumika kuwakutanisha walimu wanaofundisha kusoma na kuhesabu, wale wanaofundisha gerezani, wakutubi, na wanaowafunza wahamiaji lugha ya nchi waliyohamia. Mwalimu wa Ureno huenda akakaa wiki moja Ireland kuona jinsi wenzake wanavyomvuta darasani mtu mzima anayeona haya kukiri kwamba hajui kusoma.

Kwa vijana, mpango unaojulikana zaidi ni wa kubadilishana ziara. Vijana wa umri wa miaka 13 hadi 30, kutoka nchi mbili au zaidi, hukaa pamoja kwa siku tano hadi 21 wakijadili na kutenda jambo walilolichagua wenyewe, liwe ni mazingira, ubaguzi au ukosefu wa kazi. Hawatahiniwi wala hawaulizwi alama walizopata shuleni. Wakimaliza hupewa cheti kiitwacho Youthpass, kilichoanzishwa mwaka wa 2007, ambacho hueleza kwa maneno yale waliyojifunza.

Kwa kijana aliyezoea kurudishwa nyumbani na karatasi iliyoandikwa kwamba ameanguka, cheti cha namna hiyo si jambo dogo.

Mhubiri wa Denmark

Wazo la kujifunza bila mtihani halikuzaliwa Brussels. Lilienezwa na Nikolaj Grundtvig (1783-1872), mhubiri, mshairi na mwanahistoria wa Denmark.

Grundtvig alizichukia shule za Kilatini za wakati wake. Alizilaumu kwa kuwakaririsha vijana lugha iliyokufa na kuwatenga na watu wao. Alichotaka ni chuo ambacho mkulima mtu mzima angeketi na wenzake, azungumze kwa lugha ya mama yake, ajifunze historia na mambo ya nchi yake, kisha arudi shambani akiwa raia anayejua haki na wajibu wake.

Chuo cha kwanza cha namna hiyo kilifunguliwa Rødding mwaka wa 1844. Miaka mitano baadaye, Denmark ilipata katiba iliyowapa wanaume wengi wa kawaida kura, na vyuo hivyo vya wananchi vikawa mahali pa kuwaandaa kuitumia. Wazo hilo lilienea Norway, Uswidi na Finland kabla ya karne ya 19 kwisha.

Haikuwa ajabu basi kwamba Umoja wa Ulaya ulipoanzisha mpango maalumu wa elimu ya watu wazima mwaka wa 2000, uliupa jina la Grundtvig. Mwaka wa 2007 mpango huo uliunganishwa na mingine chini ya Mpango wa Elimu ya Maisha, uliokuwa na bajeti ya karibu yuro bilioni saba hadi 2013.

Mwaka wa 2014 mambo yalibadilika. Mipango yote iliwekwa chini ya jina moja, Erasmus+, na jina la Grundtvig likakunjwa na kuwekwa kando.

Desiderius Erasmus, ambaye jina lake lilibaki, alikuwa mwanazuoni mashuhuri wa Uholanzi aliyefariki mwaka wa 1536, na vitabu vyake aliviandika kwa Kilatini. Mtetezi wa mkulima na lugha yake alimpisha bingwa wa lugha ile ile aliyoipinga madarasani.

Lingekuwa suala la majina tu, lingesahaulika. Lakini katika kipindi cha 2014 hadi 2020, safari za ng'ambo katika sekta hii zilikuwa za walimu na wafanyakazi peke yao. Mwanafunzi mtu mzima mwenyewe hakuwa na fungu la kusafiria. Nafasi hiyo ilirejeshwa mwaka wa 2021, baada ya watetezi wa sekta hiyo kulilalamikia jambo hilo kwa miaka.

Fungu la mwisho mezani

Ukitaka kujua jambo linathaminiwa kiasi gani, tazama bajeti yake.

Katika mpango wa 2007-2013, sheria ilitenga kiwango cha chini cha asilimia 40 kwa wanafunzi wa vyuo vikuu na asilimia 4 kwa watu wazima. Katika fungu la elimu na mafunzo la mpango wa sasa, vyuo vikuu vimetengewa angalau asilimia 34.6, mafunzo ya ufundi asilimia 21.5, shule asilimia 15.2 na watu wazima asilimia 5.8. Vijana walio nje ya shule wametengewa asilimia 10.3 ya bajeti nzima.

Ni kweli kwamba fungu la watu wazima limekua, hasa ikizingatiwa kuwa bajeti nzima ya sasa ni takriban yuro bilioni 26. Hata hivyo, hao ndio wengi zaidi katika jamii yoyote ile, na ndio waliotengewa kidogo kuliko sekta nyingine zote za elimu katika mpango huo.

Matokeo yake yanaonekana. Mataifa ya Ulaya yaliazimia kwamba kufikia mwaka wa 2010, asilimia 12.5 ya watu wa umri wa miaka 25 hadi 64 wawe wameshiriki mafunzo katika majuma manne yaliyotangulia kuhojiwa kwao. Lengo hilo halikutimia. Yakaazimia asilimia 15 kufikia 2020. Mwaka wa 2019, kabla ya Korona kufunga madarasa, kiwango kilikuwa kingali chini ya asilimia 11. Mwaka wa 2020 kilishuka hadi karibu asilimia 9.

Mwaka wa 2021, huko Porto, kipimo kilibadilishwa. Lengo la sasa ni kwamba kufikia 2030, asilimia 60 ya watu wazima wawe wakipata mafunzo angalau mara moja kila mwaka.

Zipo sababu kadhaa za mwendo huu wa kobe. Kwanza, anayejiandikisha kwa mafunzo ya utu uzima mara nyingi ni yule ambaye tayari amesoma. Aliyeumizwa na shule utotoni huikwepa ukubwani, na tangazo lililobandikwa ukutani halimfikii asiyeweza kulisoma.

Pili, fomu za kuomba fedha ni ndefu na lugha yake ni ya wataalamu. Mashirika makubwa huajiri watu wa kuziandika, ilhali kikundi cha kijiji chenye mwalimu mmoja wa kujitolea hubaki kikitazama. Ndiyo maana miradi midogo ya yuro 30,000 na 60,000 ilibuniwa mwaka wa 2021, ili wasiowahi kuomba nao wapate pa kuingilia.

Tatu, na hili ndilo kubwa zaidi, mradi una tarehe ya kufa. Miaka mitatu ikiisha, kitabu cha mbinu huchapishwa, wajumbe huagana, na mwalimu aliyekuwa ameajiriwa kwa fedha hizo hutafuta kazi kwingine. Mwanafunzi aliyekuwa ameanza kuunganisha herufi hubaki na swali lake lile lile.

Uchunguzi wa kimataifa wa stadi za watu wazima, ambao huongozwa na shirika la OECD, ulionyesha mwaka wa 2013 kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya watano katika Ulaya alikuwa na uwezo mdogo wa kusoma. Awamu ya pili ilitangazwa Desemba 2024. Kati ya nchi zilizopimwa mara zote mbili, ni Finland na Denmark pekee zilizopiga hatua ya maana katika kusoma. Nyingine zilibaki palepale au zikarudi nyuma.

Haifai kukimbilia kusema kwamba vyuo vya Grundtvig ndivyo vilivyoleta ushindi huo, kwani nchi hizo mbili zina mengi mengine yanayozisaidia. Lakini nchi zote mbili zimekuwa na vyuo vya watu wazima vya kudumu kwa zaidi ya karne moja, vinavyosaidiwa na serikali zao wenyewe. Kwao, mradi wa Brussels huongeza nguvu katika jengo ambalo tayari limesimama.

Funzo kutoka Tanzania

Afrika Mashariki ina ushahidi wake wa jambo hili. Tanzania iliutangaza mwaka wa 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka wa 1975, kwa msaada wa Uswidi, ambayo wakati huo haikuwa bado mwanachama wa Umoja wa Ulaya, ilianza kufungua Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi kwa kuiga mfano wa vyuo vya wananchi vya Uswidi.

Wazo la mhubiri wa Denmark likawa limefika vijijini Tanzania, na kwa Kiswahili. Watu wazima walijifunza useremala, ushonaji, kilimo na uraia kwa lugha waliyoielewa, jambo ambalo bila shaka lingemfurahisha Grundtvig mwenyewe.

Ufadhili wa Uswidi ulipopungua, vyuo vingi vilidhoofika. Majengo yalichakaa na vifaa vya karakana vikazeeka. Lakini havikufa, kwa sababu vilikuwa mali ya taifa wala si ya mradi. Vyuo zaidi ya 50 vingali vipo, na katika miaka ya karibuni vimewapokea wasichana waliokatizwa masomo, wengi wao kwa sababu ya ujauzito, kupitia programu iitwayo Elimu Haina Mwisho.

Mama aliyerudi darasani akiwa na mtoto mgongoni alipata pa kurudi kwa sababu miongo minne awali kuna aliyejenga kuta na kuajiri mwalimu wa kudumu.

Huko Ulaya, mjadala wa bajeti ijayo tayari umeanza. Mnamo Julai 2025, Kamisheni ya Ulaya ilipendekeza takriban yuro bilioni 40 kwa mpango wa Erasmus+ wa mwaka wa 2028 hadi 2034. Kiasi hicho ni kikubwa mno kikilinganishwa na cha sasa. Linalopasa kutazamwa ni iwapo fungu la watu wazima litalindwa kwa sheria, au litaachiwa makombo ya vyuo vikuu.

Nasi tunaopokea wafadhili kila mwaka tuna swali la kuwauliza, na la kuziuliza serikali zetu kwanza. Mradi huu ukifika mwisho, nani atalipa mshahara wa mwalimu?