Nyundo ya bastola: ionekane au ifichwe?

Juma lililopita jirani yangu mmoja, mfanyabiashara, alinijia jioni na swali ambalo sikulitegemea. Amepata leseni ya kumiliki silaha, na muuzaji amemwonyesha rivolva mbili za mtutu mfupi. Zinafanana kama mapacha, ila moja nyundo yake imechomoza nyuma na nyingine haionekani kuwa nayo. "Kaka, wewe ni mtu wa habari," akasema, "nichukue ipi?"

Nilimjibu kwamba mimi sina bastola wala sitarajii kuwa nayo. Hata hivyo swali lake ni la maana, kwa sababu kipande hicho cha chuma kimekwishawagharimu watu maisha.

Kwanza tuelewe kazi yake. Nyundo ndiyo husababisha risasi ilipuke. Rivolva yenye nyundo ya nje hufyatuliwa kwa njia mbili. Unaweza kuvuta triga moja kwa moja. Mvuto huo mrefu huisukuma nyundo nyuma, huzungusha silinda, kisha huiachia nyundo ipige. Kwa kawaida mvuto huo unahitaji nguvu ya kilo 5 hivi. Au unaweza kuikoki kwanza kwa dole gumba. Ukishaikoki, triga huwa nyepesi, pengine kilo moja na nusu tu, na kuguswa kidogo kunatosha.

Ile inayoitwa "isiyo na nyundo" kwa kweli inayo, lakini imefungiwa ndani ya mwili wa bastola. Haikokiki kwa dole. Kila risasi inataka mvuto ule mzito.

Wazo hili ni la zamani. Kampuni ya Smith & Wesson ya Marekani ilikuwa ikiuza rivolva za nyundo ya ndani tangu miaka ya 1880. Mwaka 1950 ilitoa Chiefs Special, bastola ndogo ya risasi 5 yenye nyundo ya nje. Mwaka 1952, ilipotimiza miaka 100, ikatoa Centennial, ambayo nyundo yake imefichwa kabisa. Mwaka 1955 ikaja Bodyguard, ya katikati: nyundo imezibwa pande zote mbili, ikabakizwa ncha ndogo ya kukokia.

Sababu kubwa ya kuificha ilikuwa mfuko. Nyundo iliyochomoza hunasa kwenye kitambaa wakati mtu anapoichomoa bastola kwa haraka. Iliyofichwa hutoka laini, na vumbi haliingii kwa urahisi. Wanaotetea nyundo ya nje nao wana hoja. Ukiikoki unalenga vizuri zaidi, na mwenye vidole dhaifu anapata nafuu. Tena, unapoirudisha kwenye ala, dole lako juu ya nyundo litahisi mara moja kama triga imenasa.

Lakini nafuu hiyo ndiyo mtego. Mwaka 1982, mjini Miami, askari polisi alimpiga kijana risasi ya rivolva ndani ya ukumbi wa michezo, kijana akafa, na mtaa wa Overtown ukalipuka kwa ghasia. Mahakamani, moja ya mambo yaliyobishaniwa ni kama askari yule alikuwa ameikoki bastola. Mwaka 1984 aliachiwa huru. Polisi wa miji mikubwa kadhaa ya Marekani, ikiwamo Los Angeles na New York, waliamua rivolva za askari wao zisiweze kukokiwa tena.

Mimi mwenyewe niliwahi kufuatilia tukio la baa moja. Mteja alikoki bastola yake kuwaonyesha rafiki zake. Kuirudisha nyundo taratibu, kwa kuizuia kwa dole huku ukivuta triga wakati risasi imo ndani, si kazi ya mtu aliyekunywa. Dole liliteleza. Aliyeumia mguu alikuwa mhudumu, aliyekuwa akipita na sinia.

Ndiyo maana nilimwambia jirani: ukilazimika, chukua ile isiyokokika. Mtu mwenye hofu hutetemeka, na anayetetemeka hafai kupewa triga nyepesi.

Akafurahi. "Basi hata mtoto akiiokota hakuna neno!"

Hapo nikamkatiza. Triga nzito si kufuli. Mtoto anaweza kuivuta kwa vidole vya mikono yote miwili. Bastola hukaa kwenye kasha la chuma lililofungwa, na ufunguo hukaa na mwenyewe.

Jirani aliondoka kimya. Kesho yake nilimwona akishusha kasha la chuma kutoka kwenye teksi. Bastola, aliniambia, bado hajanunua.

Hadi juma lijalo, kwaherini.